Mwenye Msiba Anapomtafuta Aliyepotea



Aliyefiwa humwosha maiti wake, humkafini, humzika, hukaa matanga siku tatu, kisha hurudi katika shughuli zake akiwa na kaburi la kulizuru na dua ya kuisoma. Aliyepotelewa na mtu hana hata moja katika hayo. Hajui amwombee mtu wake maghufira au amwombee salama. Mke hajui kama yumo katika ndoa au yumo katika ujane. Watoto hawajui waseme baba yao yupo au alikuwapo.

Maradhi ya Korona, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatangaza kuwa janga la dunia nzima tarehe 11 Machi 2020, yalituletea misiba hiyo miwili kwa mpigo mmoja. Uingereza iliwafungia watu majumbani tarehe 23 Machi. Siku mbili baadaye Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, zisirudi mpaka tarehe 1 Agosti. Viwanja vya ndege vya Oman vilifungwa tarehe 29 Machi, vikafunguliwa tarehe 1 Oktoba. Katika miezi hiyo jamaa wa nyumba moja, wenye watu Mombasa, Maskati na London, walikuwa kama waliokatwa vipande vitatu. Wagonjwa waliingizwa spitali bila ya kuzuriwa, simu zao zikazimika, majina yao yakaandikwa sivyo, na wako waliokuwa wakimlilia mmoja huku wakimtafuta mwengine.

Makala haya yanauliza swali moja: mtu ambaye mwenyewe yumo msibani, amtafuteje aliyepotea? Tutalitazama kwanza katika kisa cha kweli cha mtu mmoja wa nchi hii tunayoishi, ambaye jina lake linajulikana dunia nzima kwa ajili ya upelelezi. Misiba mikubwa ilimfikia mara mbili, na baada ya kila mmoja aliingia katika kesi ya kweli. Mara ya kwanza aliyatumia macho yake. Mara ya pili aliyafumba.

MSIBA WA KWANZA: 1906

Sir Arthur Conan Doyle alizaliwa Edinburgh mwaka 1859 na alisomea udaktari. Mwaka 1887 alimtoa kwa wasomaji Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi ambaye hasemi neno ila ana dalili yake mkononi: tope la kiatu, majivu ya tumbaku, mkwaruzo wa saa.

Mwezi wa Julai 1906 mkewe, Louisa, alifariki baada ya kuugua kifua kikuu miaka mingi. Mwandishi huyo alivunjika moyo, na kwa miezi kadhaa hakuweza kufanya kazi ya maana. Mwishoni mwa mwaka huo zikamfikia karatasi za mtu mmoja aliyeitwa George Edalji, akiomba msaada.

Kisa cha Edalji chatuhusu sisi tulio ugenini. Baba yake alikuwa Mparsi kutoka Bombay, aliyeingia dini ya Kikristo na kuwa kasisi wa kijiji cha Great Wyrley katika jimbo la Staffordshire. Kwa miaka mingi nyumba yao ilikuwa ikipokea barua za matusi zisizo na jina. Mwaka 1903 wanyama wa kijijini walianza kukatwa visu usiku, na polisi wakamkamata George, mwanasheria kijana aliyekuwa akifanya kazi Birmingham. Akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Mwaka 1906, baada ya miaka mitatu, akaachiliwa bila ya kusafishwa jina lake, na kwa hivyo hakuweza kuirudia kazi yake ya sheria.

Conan Doyle alikwenda kuonana naye hotelini. Akamkuta amekaa anasoma gazeti, amelisogeza karibu mno na uso wake na kulielekeza upande. Conan Doyle alikuwa amesomea pia maradhi ya macho, basi palepale akafahamu jambo ambalo mahakama haikuliona: kijana huyu haoni vizuri. Vipi mtu asiyeweza kusoma gazeti ila kwa kulibandika usoni atavuka mashamba na njia ya reli katika kiza, amwendee mnyama, amkate, kisha arudi nyumbani asionekane?

Hakuridhika na hilo peke yake. Alisafiri mpaka kijijini, akaikagua njia, akayalinganisha maneno ya mashahidi. Mwezi wa Januari 1907 akayaandika yote katika gazeti la Daily Telegraph. Mwezi wa Mei serikali ikamsamehe Edalji, ingawa haikumlipa fidia yoyote. Mwaka huohuo Uingereza ikaanzisha mahakama ya rufaa za kesi za jinai, na kesi hii ni miongoni mwa zile zilizoisukuma.

Hivyo ndivyo majonzi yanavyoweza kumtumikisha mtu katika kheri. Mwenye huzuni aliiona huzuni ya mwengine, akaitoa haki kwa kutazama na kuuliza.

MSIBA WA PILI: HOMA YA 1918

Mwaka 1918, vita vikuu vikielekea ukingoni, homa ya mafua iliienea dunia. Wataalamu hukisia kuwa iliua watu wapatao milioni 50, na ajabu yake ni kuwa iliwachukua zaidi vijana wenye nguvu. Kingsley, mwana wa Conan Doyle, alikuwa amejeruhiwa katika mapigano ya Somme mwaka 1916. Homa hiyo ikamkuta, ikamshukia mapafuni, akafa mjini London tarehe 28 Oktoba 1918, umri wake miaka 25, wiki mbili tu kabla ya bunduki kunyamaza. Mwezi wa Februari 1919 Innes, ndugu yake mdogo Conan Doyle, naye akafa kwa maradhi ya mapafu.

Wengi husema kuwa vifo hivyo ndivyo vilivyomtia mwandishi huyu katika imani ya kusema na wafu. Si sahihi kabisa. Alikuwa akiyachungulia mambo hayo tangu ujana wake, na aliitangaza imani hiyo hadharani mwaka 1916, Kingsley bado yu hai. Lakini baada ya vifo hivyo aliishika kwa mikono miwili. Mwaka 1919 alikaa katika chumba cha giza na mtu aliyedai kuwa wafu husema kwa kinywa chake, akatoka akiamini kuwa amezungumza na mwanawe. Tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 1930 alizunguka nchi nyingi akihubiri hayo, na safari yake ya 1928 na 1929 ilimfikisha hata Kenya.

Hakuwa peke yake. Mamilioni ya wazazi wa Ulaya walikuwa wamefiwa na wana waliozikwa mbali au wasiojulikana walipozikwa, na biashara ya wenye kudai kusema na wafu ilistawi kwa machozi yao. Mfa maji haishi kutapatapa. Tusiwacheke; sote tungetaka kuisikia sauti ya tuliyempoteza, walau mara moja.

ALIYEPOTEA: DESEMBA 1926

Usiku wa Ijumaa tarehe 3 Desemba 1926, Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi aliyekuwa ameanza kupata jina, aliondoka nyumbani kwake Sunningdale kwa motokaa. Asubuhi yake gari ilionekana Newlands Corner, karibu na mji wa Guildford, imeachwa pembezoni mwa mteremko. Ndani yake mlikuwamo koti lake la manyoya na leseni yake ya udereva. Mwenyewe hayupo.

Naye pia alikuwa msibani. Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa Aprili mwaka ule, na mumewe alikuwa amemwambia kuwa anataka kumwacha amwoe mwanamke mwengine.

Msako ulikuwa mkubwa. Maelfu ya watu walijitolea kuzipekua nyika, mbwa wakaletwa, ndege zikapita juu, ziwa la karibu likakokotwa kwa nyavu na ndoano. Afisa aliyeuongoza huko Surrey alikuwa amekwisha kuamini moyoni kuwa mama huyo amekufa na kwamba mwili wake umo karibu na pale ilipokutwa gari.

Conan Doyle akaingia katika kesi hiyo. Wengi wangetaraji kuwa mwenye kumtunga Sherlock Holmes angekwenda kuitazama gari, njia na saa za treni. Badala yake alitaka apewe kitu alichokivaa Bibi Christie. Akapatiwa glavu moja, naye akampelekea mtu aliyeitwa Horace Leaf, ambaye alidai kuwa hukishika kitu akaijua hali ya mwenyewe. Leaf akasema kuwa mwenye glavu yu hai, na kuwa khabari zake zitapatikana Jumatano ijayo.

Kweli, alikuwa hai. Alionekana Jumanne tarehe 14 Desemba, na magazeti ya Jumatano yakaijaza nchi khabari hiyo. Conan Doyle akaandika gazetini kuwa huu ni ushahidi wa elimu yake.

Lakini tuupime ushahidi huo kama alivyozipima hati za Edalji miaka ishirini kabla yake. Wiki ile hapakuwa na mtu Uingereza asiyejua kuwa Bibi Christie amepotea, na aliyeileta glavu alikuwa mwandishi mashuhuri wa upelelezi. Ni nani mwengine ambaye glavu yake ingeletwa? Kusema kuwa mtu yu hai ni kuchagua moja katika mambo mawili. Na juu ya yote, maneno yale hayakuutaja mji, wala nyumba, wala jina. Hapana aliyesogea hatua moja kumwelekea aliyepotea kwa ajili ya glavu ile.

NANI ALIYEMWONA?

Bibi Christie alikuwa katika hoteli ya Harrogate, katika jimbo la Yorkshire, zaidi ya maili 200 kutoka ilipokutwa gari. Alikuwa amejiandikisha kwa jina jengine, akajisema kuwa ametoka Cape Town. Jina la ukoo alilolitumia lilikuwa la mwanamke yule ambaye mumewe alitaka kumwoa. Kila siku alikula mezani na wageni wenzake na kusoma magazeti yenye picha yake.

Waliomtambua ni wafanyakazi wa hoteli na wapigaji wa bendi iliyokuwa ikitumbuiza pale usiku. Waliitazama picha ya gazetini, wakautazama uso wa mgeni wao, wakanong'onezana, kisha wakawaendea polisi. Mumewe akaitwa, akamtambua. Madaktari wakasema kuwa alikuwa amepotewa na kumbukumbu zake, naye hakulieleza jambo hilo hata katika kitabu cha maisha yake.

Na lipo jambo zaidi ya hilo. Alipoondoka alikuwa amempelekea barua ndugu wa mumewe, kumwambia kuwa anakwenda kupumzika katika mji wa maji ya tiba huko Yorkshire. Dalili iliyoelekea mahali penyewe ilikuwa mikononi mwa jamaa tangu siku za mwanzo. Haikupewa uzito uliostahili, kwa sababu wakubwa wa msako walikwisha kujichagulia jibu.

MAKUNDUCHI NA BWANA MSA

Mtu asidhani kuwa hayo ni mambo ya Wazungu pekee. Homa ile ya 1918 iliingia kwetu pia kwa njia ya bandari, Mombasa ikiwa mojawapo, ikapanda bara na kuua watu wengi. Iliwakuta wapagazi wa vita, wale waliochukuliwa kwa makumi ya maelfu kubeba mizigo ya majeshi katika mapigano ya Afrika Mashariki, wamedhoofika kwa njaa na safari. Mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi imechukua majina yao. Wengi hawakurudi na majina yao hayakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nyumba ngapi za kwetu zilimngoja baba ambaye hapana aliyekuja kusema amekufa lini na wapi!

Katika mwaka huohuo wa 1918 alizaliwa Makunduchi, Unguja, mtoto aliyekuja kuwa baba wa hadithi za upelelezi za Kiswahili: Mohamed Said Abdulla. Kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti alifanya kazi miaka kumi katika idara ya afya, akiwa bwana afya. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, bila shaka yoyote ni jamaa wa Sherlock Holmes.

Lakini tazameni tofauti. Katika hadithi hiyo mtu anakutwa amekufa penye mzimu, mahali watu wanapopeleka sadaka na kuomba. Wanakijiji wanaona jawabu limekwisha kupatikana: mzimu umemwua. Bwana Msa anakataa kusimama hapo. Anauliza nani alimwona, saa ngapi, nani ana faida katika kifo hiki, mpaka mkono wa binadamu unaonekana nyuma ya mzimu. Mwenye kumtunga Holmes alitoka katika dalili akaenda kwa mizimu. Mwanafunzi wake wa Makunduchi aliuendea mzimu kwa dalili.

BABA ALIYEPOTELEWA NA MWANA

Sisi Waislamu tunao mfano ulio juu ya hayo yote. Sura ya Yusuf ni kisa cha baba mwenye huzuni na mwana aliyepotea, na mwisho wake unafika wakati wa balaa kubwa, njaa iliyoshika nchi nzima.

Wana walimletea Nabii Yaakub kanzu ya Yusuf ikiwa na damu ya uongo, wakadai kuwa mbwa mwitu amemla. Hakuwasadiki. Wafasiri wanaeleza kuwa aliiona kanzu haina hata mpasuko: mbwa mwitu gani amlaye mtu na asiichane nguo yake? Katika sura hiyohiyo kanzu inakuwa ushahidi tena, pale ilipochanwa kwa nyuma ikamtoa Yusuf katika tuhuma nyumbani kwa Mheshimiwa wa Misri.

Miaka ikapita. Mwana mwengine akazuiliwa Misri, msiba ukaja juu ya msiba, na macho ya Yaakub yakaingia weupe kwa huzuni. Alilia, na kulia hakukuwa dhambi. Mashtaka yake aliyapeleka kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Kisha akawaamrisha wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mola. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa kutafuta lina asili moja na neno letu "hisi": watafute kwa masikio, kwa macho, kwa kuuliza. Dua na kutafuta vilikwenda pamoja, na kimoja hakikuwa badala ya chengine.

Mtume wetu (Rehema na Amani zimshukie) ametuonya kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, haikubaliwi sala yake siku arubaini. Katika onyo hilo mna kuilinda imani, na mna kuwalinda wenye misiba wasiliwe mali zao. Mpiga ramli huuliza jina la mama, hutazama uso wa aliyekuja, kisha husema jambo lisilokosa kusadifu: "Yu hai, lakini amefungwa", au "Yuko penye maji." Likitimia, husifiwa, lisipotimia, huambiwa watu kuwa wamechelewa kutoa kafara. Na mara nyingi humtaja mbaya wenu: shangazi, mke mwenza, jirani. Basi jamaa waliokuwa wakimtafuta mmoja huishia kupoteza wawili.

HUKUMU YA ALIYEPOTEA

Sheria yetu haikumwacha aliyepotelewa aelee hewani. Sayyidna Umar (Radhi za Allah zimfikie) alihukumu kuwa mke ambaye mumewe amepotea asijulikane alipo, angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, na baada yake aruhusiwe kuolewa. Imam Malik aliishika hukumu hiyo. Imam Shafi katika kauli yake ya mwanzo aliikubali, na katika kauli yake ya baadaye akasema kuwa mke asubiri mpaka ipatikane yakini ya kifo au ya talaka.

Kwa sababu ya khitilafu hiyo jambo hili si la kuamuliwa sebuleni wala katika simu. Lipelekwe kwa kadhi au kwa baraza la sharia linaloaminika, pamoja na hati za juhudi zote zilizofanywa za kutafuta. Mali ya aliyepotea nayo hairithiwi mpaka ithibiti kuwa amekufa au kadhi ahukumu hivyo. Kadhalika sala ya ghaibu tusiiharakishe: Mtume alimsalia Najashi baada ya kuujua mauti yake. Na akithibiti kuwa amekufa kwa maradhi ya mlipuko, jamaa zake watulie: tumefundishwa kuwa Muislamu anayekufa kwa tauni ana daraja ya shahidi, na maulamaa wengi wameyatumainia hayo kwa waliokufa kwa Korona.

TUFANYE NINI?

Janga la Korona lilitangazwa kutoka katika hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini wako ambao mpaka leo hawajui jamaa zao waliishia wapi. Na majanga mengine yatakuja. Basi tuyashike haya.

Kwanza, tutafute jina kwa sura zake zote. Hili ndilo linalotupoteza sisi kuliko jengine lolote. Mtu wetu ana jina lake, la baba na la babu; karani wa spitali huchukua lolote akalifanya la ukoo. "Mohamed" huandikwa kwa namna nyingi, tarehe ya kuzaliwa huwekwa Januari mosi, na majirani wanamjua mtu kwa lakabu tu. Mwenye kutafuta aandike karatasi moja yenye majina yote, tahajia zote, namba ya pasi, alama ya mwilini na picha ya karibuni. Bibi Christie hakuonekana kwa jina, alionekana kwa uso.

Pili, tukusanye tulicho nacho kabla ya kwenda mbali. Ujumbe wa mwisho ulisemaje? Alimtumia nani fedha? Alisali msikiti gani? Mara nyingi barua ya Yorkshire imo katika simu ya shemeji, naye hajui kuwa ni kitu.

Tatu, tuwaarifu polisi mapema. Hapa Uingereza si lazima kungoja saa 24, ingawa watu wengi huamini hivyo. Liko pia shirika la Missing People, ambalo simu yake ya bure ni 116 000. Walioko Marekani wanayo daftari ya taifa iitwayo NamUs, ambayo huandikwa waliopotea na maiti wasiojulikana.

Nne, kwa aliyepotea baina ya nchi na nchi kwa sababu ya vita, maafa au safari ya uhamiaji, tuliendee shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo katika nchi nyingi za Waislamu huitwa Hilali Nyekundu. Kazi yao ya kuunganisha jamaa ina mizizi tangu karne ya 19, haina malipo, na khabari za mwenye kuomba huwekwa siri. Mwenye wasiwasi wa karatasi zake za ukaazi aanzie hapo.

Tano, tujue kuwa mtu mzima akionekana ana haki ya kukataa kutajwa alipo. Polisi huenda wakakwambia tu kuwa yu salama. Hilo ni zito kulipokea, lakini ni jawabu, na ni bora kuliko kunyamaziwa. Pengine aliyetoroka alikuwa na msiba tusiouona.

Sita, tusieneze uvumi. Ujumbe wa sauti usemao "nimesikia amekufa" hufika kwa mama mzazi kabla ya kufika kwa anayeweza kuuthibitisha. Tumeamrishwa kuihakikisha khabari kabla ya kuitenda.

Na saba, tusimwache mwenye kutafuta peke yake. Mwenye msiba huchoka, huanza kuona kila mlango umefungwa, na hapo ndipo kila anayeahidi njia ya mkato humpata. Mmoja wetu aende naye kituoni, mwengine aandike barua za Kiingereza, mwengine akae na watoto. Conan Doyle alipokuwa na majonzi ya 1906, kilichomwinua ni kazi ya kweli ya kumtetea mtu wa kweli. Nasi tukiwapa wenye misiba kazi ya kweli na wenzao wa kuifanya nao, mlango wa mpiga ramli hautakuwa wa kwanza kubishwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika janga lile, awarudishe waliopotea kwa jamaa zao kama alivyomrudisha Yusuf kwa babake, na awape subira njema wale ambao jawabu lao halijafika. Amin.

Wabillahi tawfiq.